Kaburi la Mwalimu Mustamin

KITUO CHA POLISI, TARAFA YA OGOLUMBA, SULAWESI YA KATI
Maelezo ya shahidi katika shauri la kufukuliwa kaburi

Tarehe: Jumanne, 8 Oktoba, saa tatu asubuhi
Jina: Hasnidar binti Palettei
Umri: miaka 49
Kazi: kuchambua karafuu, kuuza kahawa nyumbani
Dini: Muislamu
Makazi: kitongoji cha Salubanga
Mbele ya: Sajini Yermias Tandilolo

Nimekuja mwenyewe, sikukamatwa wala sikuitwa. Afande ameniambia niseme kweli tupu, na kwamba shahidi akidanganya anaweza kushtakiwa. Nimemwambia nimeelewa. Nimemwambia pia kuwa nimekuja kwa jambo moja tu, na nikaomba liandikwe juu kabisa lisije likazama katikati ya maneno: sitaki mume wangu ahamishwe tena. Ameshazikwa mara mbili. Inatosha.

Afande amesema mambo kama hayo huandikwa mwishoni, maelezo huanza mwanzo. Nimemwambia aliandike papa hapa, kisha nitaanza mwanzo. Ameliandika.

Mume wangu ni marehemu Mwalimu Mustamin, alifundisha darasa la nne katika shule ya msingi ya Salubanga. Kila uchaguzi ukifika yeye ndiye alikuwa anawekwa kuwa msimamizi wa kituo chetu cha kupigia kura, kwa sababu alikuwa na sauti na hakuwa mwepesi wa hasira. Mwaka huu na mimi niliwekwa, kwenye meza ya wino. Mtu akishatumbukiza karatasi yake sandukuni anakuja kwangu, anachovya kidole cha mwisho, mimi naangalia kama wino umeshika ukucha. Kazi hiyo haitaki akili, inataka kitambaa tu.

Mtu mwingine ninayepaswa kumtaja ni Haji Sainong. Uwanja wa makaburi wa Salubanga ni ardhi ya marehemu baba yake, aliyeitoa kwa mdomo bila hati, kama watu wa zamani walivyofanya. Msikiti uko kwenye ardhi yao, kisima nacho hivyo hivyo. Haji ni mkarimu. Sitasema vingine hata kama Afande ananitazama hivyo. Binti yangu aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, gari lililomfikisha hospitali lilikuwa la Haji, na aliliendesha mwenyewe.

Mwezi wa Machi, baada ya sala ya Ijumaa, Haji alisimama msikitini akaweka nadhiri. Alisema Rais akipata kura zote za Salubanga, zote, hata moja isipotee, atachinja ng'ombe wawili na kitongoji kizima kitakula. Watu waliitikia amina. Hakuna aliyelazimishwa. Sote tulimtaka Rais, ndiye aliyetufikishia umeme, na tulimtaka amalizie barabara. Kule mjini watu walikuwa wakitukanana, wafuasi wa Rais wakiitwa viluwiluwi, wafuasi wa mpinzani wake wakiitwa popo. Kwetu popo walikuwa wale wanaokula mapapai. Afande ameniuliza kama Salubanga kulikuwa na mpinzani wa Rais hata mmoja. Jibu langu ni kwamba hakuwepo, na naomba jibu hilo lisomwe vizuri.

Mnamo Jumatano tarehe 17 Aprili tulifungua kituo saa moja asubuhi katika uwanja wa shule. Karatasi za kura zilikuwa tano, nyingine pana kama kitambaa cha meza, lakini nitaizungumzia moja tu, ile ya Rais. Ilikuwa na picha upande huu na picha upande huu, Rais na mgombea mwenza wake, mpinzani na wa kwake. Wanaume wanne, kofia nyeusi nne. Sisi hatuweki alama ya kalamu. Kwenye kibanda cha siri kuna msumari uliofungwa kamba, chini pana sponji, na mpiga kura anaitoboa picha ya mtu anayemtaka.

Kwenye saa nne hivi, Haji alimleta mama yake, Bibi Sakka. Bibi Sakka amepita miaka themanini, lakini macho yake bado mazuri, anaona sindano iliyoanguka kabla yangu. Juu ya kitanda chake kuna picha ya Rais iliyokatwa kwenye kalenda, na kila asubuhi huitolea salamu. Chaguzi mbili za nyuma hakuja kituoni, miguu ilikuwa haimbebi. Zaidi ya hapo alizoea kura za zamani, ambazo watu walitoboa nembo za vyama.

Mume wangu alimpa karatasi akamweleza kama alivyomweleza kila mtu.

"Msumari wa nini, mwanangu?" Bibi aliuliza.

"Wa kupigia kura, Bibi. Unatoboa picha ya unayemtaka."

"Zamani tulitoboa mti. Tukatoboa nyota."

"Sasa ni picha, Bibi."

"Mti hauna macho," alisema, akaenda zake kwenye kibanda.

Hakukawia. Alitumbukiza karatasi zake, akaja kwangu, akachovya kidole, kisha akaniinamia. Nayaandikisha maneno yake kama alivyoyasema.

"Wetu sijamgusa," alisema. "Msumari nimempa yule mwenziwe. Wa jicho!"

Nikasema, "Bibi!"

"Bibi nini? Wewe unaweza kumchoma msumari mtu unayempenda? Ulimwona wapi anayefanya hivyo? Anayechomwa pichani ni adui. Muulize mganga yeyote. Hawa vijana wanaopanga haya mambo hawana hata mtu mzima wa kumuuliza?"

Alikuwa na furaha ya mtu aliyemlinda mwanawe. Akanipiga bega, akaenda kukaa kivulini na wanawake wenzake.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na alisikia. Tulitazamana. Kusema kweli nilitaka kucheka, na yeye pia, nilimwona anavyobana midomo. Nikamwuliza tufanyeje. Alisema, "Kura ikishaingia mle haina mwenyewe. Na tumeapa." Ni kweli tulikuwa tumeapa, kila mmoja wetu, mkono juu ya msahafu, kwamba kura ya mtu ni siri yake. Mustamin hakuwa mtu wa kuapa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo alipoapa alikuwa anamaanisha.

Saa saba mchana tulifunga, tukaanza kuhesabu, na karatasi ya Rais ndiyo huanza. Wananchi walikuwa wamekaa mbele yetu wanaangalia. Mume wangu alikuwa akiifungua kila karatasi, anainyanyua juu ili mwanga upite kwenye tundu, anaita "Namba moja!", yaani Rais, na watu wanajibu "Halali!" Ikaendelea hivyo mpaka watu wakachoka kutazama, wakawa wanajibu huku wanamenya ndizi. Haji alikuwa amekaa kiti cha wakala wa chama cha Rais. Upande wa pili hapakuwa na wakala, hakupatikana mtu wa kukubali kazi hiyo.

Kisha mume wangu akanyanyua karatasi akasema, "Namba mbili."

Waliokuwa wanamenya ndizi wakaacha. Mtu mmoja nyuma akacheka.

Haji alisimama. "Hiyo batili."

"Batili kwa nini, Haji?"

"Tundu kubwa mno. Mtu kachokonoa."

Mume wangu aliinyanyua tena. Mwanga uliingia palepale, kwenye jicho la mpinzani. Alisema, "Tundu ni moja, liko ndani ya picha. Halali."

"Ya nani hiyo?"

"Ya mpiga kura."

Nilimtazama Bibi Sakka kule kivulini. Alikuwa amesinzia.

Kituo chetu kilitoa kura mia moja themanini na sita za Rais na moja ya mpinzani wake. Nchi nzima Rais alishinda kwa mamilioni, hilo kila mtu analijua. Ile moja haikumpunguzia hata unywele. Lakini Haji alikuwa ameshamwahidi Mkuu wa Wilaya kura zote, tena alimwahidi na Mungu. Jioni ile alimfuata mume wangu karibu na bomba la shule, na mimi nilikuwepo.

"Umeniharibia nadhiri yangu, Mwalimu."

"Si mimi, Haji. Mimi nimempa Rais."

"Kama si wewe, nani? Uliipigania kama mali ya baba yako."

Mume wangu hakujibu. Angesema ni fulani, angekuwa amevunja kiapo chake, na fulani mwenyewe ni mama wa anayeuliza. Watu wakakichukua kimya kile wakakifanya ushahidi.

Tulihesabu zile karatasi nyingine nne mpaka kukakucha, kisha mume wangu akapakiwa na masanduku kwenda tarafani, akarudi baada ya siku mbili midomo imekuwa ya kijivu. Akipita dukani walikuwa wanasema, "Funikeni mapapai, popo huyo." Wanawake tunaochambua nao karafuu waliniuliza, "Shoga, leo kwenu mmekula nini, au mnaning'inia tu?" Nilicheka nao. Ulikuwa utani wa kawaida, na hata mimi ningetania hivyo kama angekuwa mume wa mwingine. Nilimwambia Mustamin, "Sema basi, mwambie hata Haji peke yake." Alisema yatapita, Ramadhani inakuja, watu watasahau.

Mnamo Jumatatu tarehe 29 Aprili, asubuhi, aliinama kufunga kamba za viatu aende shule, akalala upande. Nilidhani anatafuta kitu chini ya benchi. Mganga wa zahanati alisema ni moyo. Afande ameniuliza mara mbili kama uchaguzi ndio uliomuua. Nimemjibu mara mbili kuwa sijui. Alikuwa na miaka hamsini na nne na hakuwa amelala vizuri tangu tuhesabu. Zaidi ya hapo ningekuwa nabuni.

Haji alikuja mazikoni, na alibeba jeneza, bega la mbele. Alishuka kaburini kumpokea. Alilia. Nalisema hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu linanisumbua. Palipokuwa na nafasi ni pembeni mwa kaburi la baba yake Haji, akazikwa hapo.

Mnamo tarehe 21 Mei, tukiwa katika mfungo, matokeo yalitangazwa rasmi kuwa Rais ameshinda muhula wa pili. Vijana walipiga fataki. Imamu alimwambia Haji kwamba sharti la nadhiri halikutimia, kwa hiyo hawajibiki kuchinja, na Haji hakuchinja. Usiku wa futari ya ushindi pale kwake kulikuwa na samaki. Nilisikia mtu anauliza nyama iko wapi, na mwingine anamjibu, "Kamuulize popo, kalala nayo."

Mnamo Jumatano tarehe 5 Juni ilikuwa Idi. Baada ya sala tulikwenda makaburini kama kawaida yetu, kila mtu na maua na maji yake. Siku hiyo watu wote huombana msamaha, kwa ya dhahiri na ya moyoni. Haji alipita akinyoosha mkono kwa kila mtu. Aliponifikia aliutia mfukoni akatafuta kitambaa. Kisha akasimama kwenye kaburi la baba yake, akalitazama kaburi la pembeni, akasema kwa sauti, "Baba yangu analala na popo."

Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyomchekea tajiri. Utani wa masikini huishia barazani. Wa tajiri ukifika jioni umeshakuwa amri. Siku ya tatu Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kwangu, akanywa kahawa, akaniambia Haji anataka sehemu yake. Mwenyekiti ni mtu mwema, alikuwa anatazama kikombe muda wote. Alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba familia ya marehemu inamhamisha marehemu kwa hiari yake.

Niliisaini. Afande ameniambia sahihi hiyo ndiyo inayoleta matatizo katika shauri hili, kwa kuwa Haji anaonyesha karatasi anasema mjane aliridhia. Basi nieleze niliridhia nini. Mwenyekiti alisema, "Dada, usiposaini, Haji ataleta vijana wake wa shambani wamtoe." Vijana wale nawajua, wanakunywa. Nilisaini ili nichague mimi watakaomshika mume wangu. Hiyo ndiyo hiari yangu, haikuzidi hapo.

Nilimchagua Rala, mchimba makaburi wetu, na mashemeji zangu wawili.

Mnamo Alhamisi tarehe 13 Juni, saa mbili asubuhi, walianza kuchimba. Karibu kitongoji kizima kilikuja. Hakukuwa na kelele, mambo yote yalikwenda kwa adabu. Mwenyekiti alikuwepo, karani wa tarafa alikuwepo, Haji alikuwepo na kofia yake nyeupe. Rala aliwasha makonyo ya karafuu kwenye bati ili moshi ufunike harufu. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikuhisi kitu. Watu walinishika mabega wakidhani nataka kuanguka, lakini mimi nilikuwa nafikiria kama nimezima jiko.

Walipofika kwenye mbao, Bibi Sakka alitokea, na fimbo yake. Nadhani hakuna aliyemwambia, aliuona moshi. Watu wakampisha.

"Mnafanya nini?" alimwuliza mwanawe.

"Rudi nyumbani, mama."

"Nimeuliza mnafanya nini. Huyo si Mustamin? Nimempokea mimi huyo akizaliwa, kwa mikono hii."

"Tunamtoa, mama. Alimpinga Rais. Kura ile moja ilikuwa yake."

"Kura ipi?"

"Ile ya mpinzani, mama. Iliyotobolewa jichoni. Kijiji kizima kinajua."

Bibi Sakka alicheka. Naomba liandikwe hivyo, alicheka, wala hakuwa na ubaya. "Jichoni? Hiyo si yangu? Ni mimi niliyemtoboa yule mtu. Msumari ulizama mpaka kwenye sponji. Ninyi mlimtoboa nani?" Akatugeukia sote. "Eh? Mlimtoboa nani?"

Nyuma yangu mwanamke alisema "Ya Allah" polepole. Rala alikuwa ndani ya shimo, koleo mkononi, ametuinulia uso. Alimtazama Haji. Sote tulimtazama Haji.

Nilidhani yamekwisha. Nakumbuka niliinuka kwenye ndoo. Nilikuwa na hakika kwamba sasa watarudisha udongo, tutasoma dua, twende nyumbani, na ningemsamehe hata kabla hajaniomba.

Haji alivua kofia, akaivaa tena. Alisema, "Endeleeni."

Wakaendelea. Mimi nilikaa tena kwenye ndoo. Afande ameniuliza kwa nini sikupiga kelele wakati ule. Sijui. Hata wengine hawakupiga. Karani wa tarafa aliangalia saa. Bibi Sakka aliuliza, "Mbona wanaendelea?" Aliuliza mara nyingi, akimshika huyu mkono na yule mkono, mpaka wajukuu zake wakamwondoa. Walimtoa mume wangu na sanda yake, wakamfunga kwenye jamvi jipya. Lilikuwa jamvi langu la kuanikia karafuu, nililinunua kwa msimu huu.

Tulimzika nyuma ya nyumba yangu, kati ya jiko na sakafu ya kuanikia. Waliokuja huko walikuwa wachache. Kila siku nikitoka na nikirudi nampita. Tangu asubuhi ile sisikii harufu ya karafuu, na mavuno yamekuja yamekwisha, nyumba ilijaa magunia. Sijalia pia. Dada yangu anasema si vizuri, ameniletea maji ya kusomewa. Nimeyanywa.

Haji alikuja mwezi wa Agosti, peke yake, akasimama nje ya mlango wa jiko. Nilimwekea kiti, hakukaa. Alisema, "Shimo lilikuwa limeshafunguliwa, Hasnidar. Watu wote wale. Ningesema nini?"

Nilimwambia, "Ungesema basi."

"Ndiyo," alisema. "Neno dogo." Aligeuka akalitazama kaburi. "Mama hanisemeshi. Anakula kwa dada yangu."

Nilimwonea huruma kidogo, kisha ile huruma ikaisha, kama maji yanayoisha bombani.

Mwezi uliopita mtu aliitoa picha ya video aliyoichukua siku ile kwa simu. Simjui ni nani, wala sikumtuma. Ndipo watu wa mkoani wakajua, wakakasirika, na ofisi zikaanza kufunguka. Mnamo Ijumaa tarehe 4 Oktoba alikuja kwangu afisa kutoka Wilayani na watu wawili wenye kamera. Alinipa pole. Alisema Mkuu wa Wilaya ameguswa sana, na kwamba Rais ataapishwa tarehe 20 mwezi huu, haipendezi siku ile ifike Salubanga ikiwa na donda. Wamepanga kumrudisha marehemu kwenye kaburi lake la kwanza, kwa heshima zote, kutakuwa na hema, kutakuwa na chakula. Haji atachinja ng'ombe. Alinionyesha kwenye simu bango lililokwisha kuchorwa, lina picha ya Rais anatabasamu, na chini limeandikwa maridhiano.

"Mama, wewe na Haji mtashikana mikono pale kaburini," alisema. "Ni dakika moja tu. Itatuliza nchi."

"Na Mustamin?" niliuliza.

"Marehemu atarudi mahali pake."

"Nyama ile italiwa siku hiyo hiyo? Mbele yake?"

Alisema sijamwelewa. Aliniachia karatasi ya ridhaa, akaniambia nikishaisaini niilete hapa kituoni. Nimeileta.

Afande, walimtoa kwa sababu ya kura. Sitaki arudishwe kwa sababu ya kura. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, aliapa akatunza alichoapia, akafa nacho. Mimi niliapa pamoja naye, na nisingelisema jina la Bibi Sakka leo kama Bibi mwenyewe asingelisema mbele ya watu wote. Mume wangu hakutunza siri ile ili aje kuwa bango. Pale alipo hapana hema, lakini hakuna atakayemwambia hapa si kwako. Ardhi ile ndogo ni yangu, hati ninayo, ina jina langu. Nimechoka kumwona amebebwa.

Mwisho Afande ameniuliza kama nataka Haji Sainong ashtakiwe au nimemsamehe, kwa kuwa ni lazima iandikwe moja. Nimemwambia sina jibu. Mtu hawezi kusamehe wala kushtaki akiwa hasikii kitu. Niulizeni siku nitakayolia. Siku hiyo nitakuja mwenyewe, kama nilivyokuja leo, na nitasema.

Nilichokiona na kukisikia nimekimaliza. Nimesomewa, nimekubali kuwa ndivyo nilivyosema, sijaongezewa neno wala sijapunguziwa.

(Sahihi) Hasnidar binti Palettei

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya yameandikwa nami, Sajini Yermias Tandilolo, na shahidi amesaini mbele yangu saa sita kasoro robo. Karatasi ya ridhaa ya kurudisha mwili hakuisaini. Nitaipeleka Wilayani kama ilivyo, pamoja na nakala ya maelezo haya, na nimeshauri kaburi lililoko nyumbani kwa shahidi lisiguswe.

Naandika pia kwamba shahidi alipokuwa akitoka, nje ya kituo alikuwepo bibi kizee aliyejitambulisha kwa jina la Sakka, aliyeletwa kwa pikipiki na mjukuu wake bila Haji Sainong kujua. Ameomba awekwe ndani. Anasema ni yeye aliyemchoma mtu msumari wa jicho, na kwamba Mwalimu alichukuliwa badala yake. Nimemweleza kwamba kura ni siri ya mtu, kwamba alichofanya si kosa kwa sheria yoyote, na kwamba Rais ameshinda, hakuna aliyedhurika.

Ameniuliza, kama si kosa na hakuna aliyedhurika, Mustamin alitolewa kwa nini.

Shahidi amemshika mkono, wamekaa wote wawili kwenye benchi la nje. Nimewapelekea maji.

(Sahihi) Sajini Y. Tandilolo